Kule Fupi na Kule Ndefu

Neema wa ofisini ameniomba niwaandikie orodha ya njia. Anataka kila njia na urefu wake, hali ya mchanga wake na mahali pa kupatia chai, ili ninyi mnaoanza kuongoza wageni kwa baiskeli msinipigie simu nikiwa shambani kwangu Itetemia nimeshika jembe. Orodha hiyo nimeshaiandika, iko ofisini kwenye faili la kijani. Haya ya hapa ni mengine, ni yale ambayo hayakupata nafasi kwenye orodha.

Kuhusu vyeo sina refu la kusema. Nilianza kazi nikiitwa mwongozaji, nikastaafu nikiitwa mwongozaji mkuu. Tofauti ya hao wawili ni kwamba mwongozaji mkuu hasahau pampu.

Nasema hivyo kwa sababu siku yangu ya kwanza niliisahau. Wakati huo nilikuwa napeleka maziwa mjini kila asubuhi kwa baiskeli ya marehemu baba, madumu mawili kwenye karia, na mwenye ofisi yetu alikuwa mtu wa Isevya aliyenunua baiskeli sita za mtumba akiwa na wazo lililowachekesha majirani zake wote: kwamba wapo watu duniani watakaosafiri mpaka Tabora kuja kuchoka kwa hiari yao. Aliniona nikipita kwenye makorongo ya masika bila kumwaga tone. Akanisimamisha.

"Dada Skola, kama maziwa yanafika salama, wageni watashindwaje?"

Wageni wangu wa kwanza walikuwa mtu na mkewe. Nilitakiwa niwapeleke Kwihara na kuwarudisha, njia ambayo hata mbuzi anaijua. Nilibeba maji, spana, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Katikati ya njia mwiba wa mgunga ukaingia kwenye tairi la mama yule. Nikafungua tairi kwa madaha, nikasugua tyubu, nikabandika kiraka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubandika, nikarudisha tairi. Kisha tukasimama watatu tukilitazama tairi lililolala bapa, nami nikajua nimeacha nini nyumbani. Tulirudi mjini tukikokota. Yule mama aliimba njia nzima, na aliporudi kwao aliandika barua kusema ile ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote. Tangu hapo sijawahi kuelewa kabisa wageni wanataka nini, na nimeacha kujaribu.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Maganga, aliyekuwa na kibanda cha baiskeli pale Isevya. Hakuwa mtu wa kusifia. Ukimpelekea baiskeli anaitazama, anakutazama wewe, kisha anaguna, na lile guno lilikuwa bei, ushauri na karipio kwa pamoja. Alinifundisha kukaza spoku nikiwa nimefumba macho. Unaigonga kwa kucha, unasikiliza. Iliyokaza inalia wazi, iliyolegea inatoa sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Baiskeli husema kabla haijavunjika," alikuwa akisema. "Shida yenu ninyi ni kwamba mnaongea nayo kwa wakati mmoja."

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo limenifaa kuliko spana zote. Nilikuwa nimerudi kutoka Goweko nimechelewa, nimekasirika, kwa sababu mtu aliniambia kijiji kiko kule, nikaendesha mpaka miguu ikagoma. Fundi aliweka chini spana yake.

"Alisemaje hasa? Sema kama alivyosema."

"Alisema kuleee."

"Sasa mbona unasema alikwambia kule?"

Akaniketisha juu ya tairi kuukuu. Mtu wa huku, akasema, ukimuuliza kisima kiko wapi, usisikilize neno, sikiliza urefu wa neno. Pale, ikiwa fupi, ni mahali unapoweza kurusha jiwe. Kule, fupi, utafika jasho halijakukauka. Kuleee, na kidevu kimeinuliwa, beba chakula. Na kuleeeeee, ile inayopanda na kuwa nyembamba mpaka msemaji anafumba macho, huko mwachie mwenyewe, wewe rudi nyumbani.

Nilicheka sana. Baadaye nikafunga kwenye usukani kile kisaa kinachohesabu kilomita, nikaanza kupima. Kwa miaka mingi nimepima pumzi za warina asali, wachungaji wa Nzega na kina mama wenye kuni kichwani, na nawaapia, tofauti huwa ndogo kuliko ile ya ramani ya simu. Ramani haijui kwamba kijito kilikauka mwezi uliopita. Pumzi inajua, kwa sababu mwenye pumzi ndiye aliyebeba ndoo.

Njia zenyewe nitazieleza kidogo, maana nikianza sitamaliza. Itetemia kwenda Kwihara alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mihogo, moshi wa majiko umelala juu ya mapaa na haujaamua uende wapi. Goweko wakati tumbaku iko mabanini ikikaushwa: unaendesha ndani ya harufu tamu, nzito, na vumbi ni laini kama unga wa mhogo, baiskeli haitoi sauti, unaanza kudhani umesinzia na njia ndiyo inayokwenda. Kusini kuelekea Sikonge baada ya mvua za kwanza, wanawake wanauza uyoga mkubwa kama miavuli ya watoto, msitu mzima unanuka udongo uliofufuka.

Lakini njia niliyoipenda ni ile ya magharibi, njia ya zamani ya misafara. Siisemi ile ya lami. Nasema vijinjia vilivyo pembeni, vinavyopotea na kurudi, vyenye miembe mizee iliyojipanga mahali ambapo hakuna nyumba. Wanyamwezi wenzetu walipita hapo na mizigo mabegani kwenda pwani na kurudi, na kambi zao walizipanga mwendo wa siku moja kwa miguu, palipo na maji. Kwa baiskeli mwendo huo ni wa asubuhi moja tu. Ndiyo raha ya njia ile: ukifika kambini jua halijafika utosini, na mchana wote unabaki mikononi mwako. Unalala kwenye majani makavu. Unaamka hujui kama umelala dakika kumi au miaka kumi. Nyuki wanavuma mbali, na unaweza kuapa kwamba sasa hivi watu wamenyanyuka hapo ulipo, wamejitwisha, wameondoka, na nyasi bado hazijainuka.

Walipita pia waliofungwa minyororo. Ziko sehemu mbili tatu ambazo Fundi Maganga alinionyesha, alizoonyeshwa na babu yake, na nikifika hapo mimi hushuka, nakokota. Wageni huniuliza kuna nini. Nikiwaambia, nao hushuka. Hilo sikuliandika kwenye orodha ya Neema, basi naliandika hapa: mkifika hapo shukeni.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Shabani, kwa sababu kazi yangu yote, nikiitazama kwa nyuma, naona ilikuwa ikinipeleka kwake.

Alikuja ofisini mwishoni mwa kiangazi, miaka michache kabla sijastaafu, ameshikwa mkono na binti yake Zuhura ambaye ni nesi. Mzee alikuwa mfupi, nadhifu, kofia ya kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama," Zuhura alisema. "Huyu ni baba yangu. Ana wazimu wake, naomba umsikilize, halafu umwambie haiwezekani."

"Marahaba. Wazimu gani tena, mzee wangu?"

Mzee alisafisha koo. "Mimi nilikuwa gadi wa treni ya abiria. Tabora na Kigoma, Kigoma na Tabora, mpaka nikastaafu. Treni inaondoka hapa jua limezama. Ikifika Malagarasi ni usiku wa manane. Kurudi ni vilevile. Tabora naijua, Kigoma naijua. Hapa katikati, mama, maisha yangu yote nimepita na sijawahi kupaona. Napajua kwa masikio tu."

Alikuwa na presha ya macho. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Dar es Salaam alikuwa amepangiwa upasuaji. Daktari hakumficha: huenda ukabakiza kilichopo, huenda usibakize kitu.

"Nataka kupaona kabla," alisema. "Hasa Malagarasi. Pale darajani sauti ya magurudumu inabadilika, unajua chini yako kuna maji. Nataka niyaone hayo maji mchana."

Zuhura alinitazama akingoja niseme haiwezekani. Sikuweza. Nilimwambia inawezekana, kwa siku saba, taratibu. Akauma mdomo, kisha akatoa sharti lake: jioni ya siku ya saba gari letu limchukue popote alipo, lirudi naye Tabora, kwa sababu tarehe ya daktari haisubiri mtu.

Mtu anayeona kupitia bomba hawezi kutazama njia na kutazama mandhari kwa pamoja. Fundi Maganga ndiye aliyetatua hilo. Alikata kipande cha plastiki kutoka kwenye kopo, akakibana kwenye baiskeli yangu kiguse spoku za nyuma, kama watoto wanavyofanya ili baiskeli ilie kama pikipiki. Tak-tak-tak-tak.

"Mzee, njia ifuate kwa masikio," alimwambia. "Macho yako yaachie msitu."

Tukaondoka. Siku nne za kwanza zilikuwa za ndoto, sina neno lingine. Miombo ilikuwa inachipua, na wanaoijua miombo wanajua kwamba kabla ya mvua huchipua majani mekundu kwanza, mekundu na ya rangi ya shaba, msitu mzima unaonekana kama machweo yaliyosahau kuondoka. Mimi mbele na tak-tak yangu, yeye nyuma, kimya. Kila baada ya muda ananiita, "Mama, simama," nasimama, naye anapeleka bomba lake polepole juu ya kitu kimoja. Mzinga wa nyuki mtini. Kichuguu. Mwanamke anayeanika michembe ya viazi juu ya mwamba. Hakuwa na uwezo wa kuona vitu viwili pamoja, hivyo kila kitu alikiona peke yake, mpaka mwisho. Nami nikaanza kuona hivyo hivyo. Nimepita Urambo na Kaliua mara nyingi kuliko nywele zangu, lakini mwaka huo ndipo nilipoona kwamba kivuli cha mti wa mninga huwa na matundu.

"Hapa sisi tulikuwa tunapiga honi," alikuwa akisema ghafla, reli ikiwa haionekani. "Kuna kona. Naisikia." Na kweli, baada ya muda tulikuwa tukifika kwenye kona ya reli.

Jioni alikuwa akiniuliza swali moja tu: zimebaki siku ngapi mpaka darajani?

Siku ya tano nikakosea.

Kisima tulichokitegemea tulikikuta kimekauka. Tulikuwa na maji ya nusu siku. Mtandao ulikuwa wa kunyata, simu haipigiki, ujumbe tu ndio unaopenya. Nikamwandikia Neema, aliyekuwa ofisini. Yeye akampigia mwenyekiti wa kitongoji kilichokuwa mbele yetu, akamuuliza, akaniletea jibu: "Bibi Skola usiwe na presha, mwenyekiti anasema kisima kipo kule ukivuka reli. Freshi."

Nikasoma. Kule. Nikaona ni fupi. Nikavuka reli.

Neema, nakuandikia haya mbele ya watu wote ili uache kuomba msamaha kila Krismasi. Hukukosea. Uliandika sahihi kabisa, kama ulivyofundishwa shuleni: k, u, l, e. Mwenyekiti, kama tulivyokuja kujua, alikuwa amesema kuleeeee mpaka salio likakatika. Aliyekosea ni mimi, niliyefundishwa na Fundi Maganga juu ya tairi kuukuu, nikachukua neno la masikio nikalisoma kwa macho. Kama ningeisikia ile pumzi ningegeuza pale pale, turudi kijiji tulichotoka, tuchote maji, tupoteze nusu siku basi. Vijana, kuuliza si ujinga, lakini ulizeni kwa mdomo. Kama simu haishiki pandeni kichuguu. Msiniletee njia iliyokuja kwa maandishi.

Saa sita maji yalikwisha. Saa nane bado hakuna kisima. Mbung'o walitufuata, joto lilikuwa linasimama mbele yetu kama ukuta, na mzee hakulalamika hata mara moja, jambo lililonitisha kuliko kulalamika. Kisha nikatambua nasikia tak-tak yangu peke yake. Nilipogeuka hayupo. Masikio yake yalikuwa yanavuma kwa kiu, akaacha kunisikia, akaenda moja kwa moja pale njia ilipopinda na kuangukia korongoni.

Nilimkuta amekaa, goti limeanza kuvimba, kofia bado ipo kichwani.

"Nimepoteza sauti yako," alisema, kwa upole, kama anayeomba radhi.

Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu siku hiyo alikuwa mzee mwenye macho ya siku chache, aliyeniamini. Nililia, sifichi. Nilimweka kivulini nikapuliza filimbi mpaka midomo ikapasuka, na waliosikia walikuwa warina asali wawili waliokuwa na kambi yao upande wa pili wa korongo. Wakatupa maji. Wakampakia kwenye baiskeli yake mwenyewe, wakaikokota mpaka kambini.

Alilala pale siku nzima ya sita. Goti lilikuwa kama boga. Alilala chali juu ya magome ya miti, akitazama juu, jani moja moja, na warina asali wakamlisha asali na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mimi nilikaa pembeni nikipiga hesabu ya njia, na kila nilivyopiga jibu lilikuwa lile lile. Siku ya saba tungeweza kufika stesheni ndogo iliyokuwa karibu, ambako simu inashika na gari linaweza kufika. Malagarasi tusingefika.

Nilimwambia.

"Si kitu, mama. Daraja nimelisikia mara nyingi," alisema. Lakini aligeuza uso upande wa msitu, na hakuniita tena kunionyesha kitu siku ile.

Siku ya saba tulimkokota mpaka stesheni, tukafika alasiri. Warina asali wakarudi zao. Nikapiga simu ofisini. Gari lilikuwa tayari njiani, lingefika kabla ya magharibi na kugeuza hapo hapo. Mzee aliketi kwenye benchi la ukuta wa stesheni, mguu ameunyoosha, fimbo ya mninga mkononi. Ni stesheni ndogo sana, sitaitaja, wenyewe wanajijua. Nilimsomea jina lililoandikwa ukutani ili tu kuvunja kimya.

Akainua kichwa. "Sema tena."

Nikalisoma tena.

"Hapa ni kwa Mama Kulwa," alisema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Tulikuwa tunasimama dakika chache tu. Kulikuwa na mama anauza karanga na matobolwa. Mkono unakuja kutoka gizani, unaniwekea kifungu, na sauti inasema, 'Gadi, leo umechelewa.' Nami namjibu, 'Lawama mpelekee dereva.' Kila safari, mama. Mke wangu alipofariki, sijui nani alimwambia, alinipa pole hapa hapa, treni ikachelewa kwa sababu yangu. Alipojifungua wale pacha wake nilimletea kanga kutoka Kigoma. Na sura yake siijui. Ningekutana naye sokoni ningempita." Akaigeuza ile fimbo mikononi. "Sijui kama yu hai."

Nilisimama. Nyuma ya stesheni kulikuwa na mwanamke anaanua nguo.

"Mwadila, mama," nikamsalimia. "Mama Kulwa yupo?"

"Yupo. Siku hizi amehamia shambani kwake, kule."

"Naomba uliseme tena hilo, dada yangu. Ukionyesha."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua, na hakuwa mbali na ukweli. Lakini aliinua kidevu. "Kuleee."

Nilimsikiliza mpaka pumzi yake ilipoishia. Nikatazama jua. Nusu saa kwenda, kurudi na mtu kwenye karia zaidi kidogo. Inatosha, kama sitasimama. Nilishusha mizigo yote, nikang'oa ile plastiki kwenye spoku, nikamwambia mzee asiondoke, kana kwamba angeweza, na nikaendesha kama sijawahi kuendesha tangu nilipokuwa na maziwa.

Nilimkuta anapanga matobolwa juu ya mwamba, mwanamke wa makamo, mabega mapana, kitambaa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Kulwa? Nimetumwa na gadi."

"Gadi yupi? Treni ina magadi wengi."

"Yule wa lawama mpelekee dereva."

Ungo ulimtoka mikononi. "Yu hai?"

"Yu hai, yuko stesheni, ila macho yanamwisha. Gari linamchukua jioni hii. Anataka kukuona, mama, kabla jua halijazama."

Alinitazama, akalitazama jua, kisha akajitazama. Kanga kuukuu, miguu ya udongo.

"Siwezi kuonwa nikiwa hivi," alisema, akaingia ndani.

Nilibaki nje nimeshika usukani. Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Kivuli cha nyumba kikafika kwenye tairi langu la mbele, kikalipita.

"Mama, jua!"

"Jua nalijua, nimezaliwa nalo. Ngoja nichane nywele."

Kivuli kikafika kwenye pedeli. Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, kwa maana nilimwelewa. Sote tungetaka nywele zichanwe. Hatimaye alitoka, uso umeng'aa kwa mafuta, amevaa kanga ambayo mikunjo yake ilikuwa bado mikali ya kukaa sandukuni.

"Nakaa au natembea?"

"Kaa, nishike kiuno, usiongee."

Nimebeba kwenye karia wageni wa kila uzito na madumu ya kila ujazo. Sijawahi kubeba mzigo uliokuwa ukisali kwa sauti njia nzima, huku ukiniambia nikwepe mashimo ili asichafuke. Mapafu yaliniwaka. Jua lilikuwa limeshuka kati ya mashina ya miti, linatumulika usoni, jekundu, nami naendesha nikielekea ndani yake nikilisihi.

Tulipofika lilikuwa bado lipo, vidole viwili juu ya msitu, na reli zote mbili zilikuwa zinawaka. Gari lilikuwa limefika. Dereva amefungua mlango, anatazama saa. Mzee Shabani alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, uso wake umeelekea tulikotokea.

Mama Kulwa alishuka, akatengeneza kanga, akasogea mpaka hatua mbili mbele yake, akasimama wima kwenye mwanga. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Mzee akaanza kumtazama. Alianza kwenye paji la uso, polepole, akashuka kwenye jicho moja, akavuka kwenda la pili, akateremka puani, mdomoni, akarudi juu tena kama mtu aliyeruka mstari. Mama yule hakutikisika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, nadhani ili asiuzibe uso wake kwa mkono.

"Gadi," alisema mwishowe.

Naye akampima mzee kwa macho kutoka kofia mpaka miguu.

"Gadi, kumbe u mfupi hivi! Miaka yote mimi nilijua wewe ni mtu mrefu."

"Nilikuwa nasimama mlangoni mwa behewa, mama," Mzee Shabani alisema. "Na mimi nilidhani wewe ni ajuza."

Mama Kulwa akaangua kicheko, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Usicheke sana," mzee alimwambia. "Tulia kidogo. Sijamaliza."

Akatulia. Jua likagusa msitu. Wakati huo huo treni ya mizigo ikatokea upande wa Malagarasi, ikapiga honi ndefu, ardhi ikatetemeka, na sote tuligeuka, mimi, dereva, yule mwanamke wa nguo, maana hakuna binadamu asiyegeukia treni. Behewa baada ya behewa lilipita nyuma ya mzee, karibu kabisa, upepo wake ukipeperusha shati lake. Gadi wa treni hakugeuka.